Kidole cha Tatu

Kanyenye, Tabora
15 Februari 1953

Kwa kaka Lukumani,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta hujala, kula kwanza ndipo usome, maana unajua barua zangu ni ndefu. Sisi hapa wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama huko Uvinza unapata uji asubuhi au unakwenda kazini na maji matupu. Mvua zinanyesha. Ukuta wa nyuma wa karakana umeanguka kipande, na bata wa jirani wamehamia humo kama wapangaji.

Mimi naendelea na masomo. Mwalimu alitaka nisome kwa sauti mbele ya darasa, nikaanza vizuri, kisha sauti ikaniishia njiani. Wenzangu walicheka. Akaniambia nisome kimya na niandike niliyoyaelewa, akayasifu. Sijamwambia mtu habari hii ila wewe.

Sasa lile uliloniagiza siku ya kuondoka. Baba hajasema kitu. Tangu mambo ya mashine ya Mzee Masolwa, jina lako halijatajwa karakanani. Mzee Masolwa mwenyewe alikuja kutoka Lusu kuichukua mashine yake ya kusaga, na kwa utani wake wa Kisukuma akasema Wanyamwezi wamezoea kufua majembe, ndiyo maana hata beringi wanaitwanga kama jembe. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisema tu, "Aliyeipiga hayupo," akaendelea kufuta mikono.

Kaka, siku ile nilikuwa mlangoni. Baba alikwambia uifunge pula, kile chombo cha kuvutia beringi, uishike beringi kwa vidole vyake vyote vitatu vya chuma, ukaze parafujo ya katikati na usubiri itoke yenyewe. Wewe ukasema pula ni ya wazee, ukachukua nyundo. Pete ya beringi ikapasuka na shafti ikapinda, ndiyo. Lakini neno alilokwambia, kwamba huna mikono ya nyumba hii, nadhani hata yeye hakulipenda baada ya kulisema. Chakula cha jioni hakukigusa.

Andika upesi.

Mdogo wako,
Swaumu binti Nassibu


Uvinza
22 Machi 1953

Swaumu mdogo wangu,

Marahaba. Nimekula kwanza kama ulivyoamuru. Mwambie mama uji upo, ila una chumvi, kama kila kitu hapa. Shati likikauka linasimama lenyewe. Wasalimie bata, na waambie wasizoee, nitaujenga ukuta ule mwenyewe.

Wanaokucheka shuleni waache. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti kubwa kuliko wote na unaona nilipo.

Nimepewa kazi ya pampu. Zinavuta maji ya chumvi kutoka kwenye chemchemi mpaka kwenye masufuria makubwa ya kuchemshia. Sasa fikiria beringi inayokaa katika maji ya namna hiyo. Inashikamana na shafti kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Pula tunayo, lakini vidole vyake ni virefu na vinene, na nyuma ya beringi kuna ukuta wa chuma. Nafasi iliyobaki ni ya vidole viwili vya mtu, basi. Hakiingii kitu. Kwa hiyo tunapiga kwa tindo na nyundo, na vipande vinaruka. Fundi mwenzangu Raymundi, mtu wa Ndala, ana kovu juu ya jicho. Anasema lile lilikuwa jicho la bahati, la pili halijajaribiwa.

Wazee wa hapa wanakumbuka majembe ya kwetu. Babu alipita njia hii kwa miguu na wapagazi, akileta majembe na kurudi na chumvi. Mzee mmoja aliposikia mimi ni mjukuu wa mhunzi wa Unyanyembe aliniuliza, "Jembe liko wapi?" Nikamwambia mimi nimekuja na njaa tu. Alicheka mpaka akakohoa.

Mkataba wangu ni mpaka Desemba. Sitakuja kabla. Kazi ya baba niliiacha katikati, hii nitaimaliza, ili asipate la kusema. Lakini wewe niambie kweli, amesema neno? Hata likiwa tusi, liandike.

Kaka yako,
Lukumani


Kanyenye, Tabora
19 Aprili 1953

Kwa kaka Lukumani,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kizingitini kwa sababu ndani kuna giza la mvua. Mama mzima. Bata wametaga.

Barua yako niliisoma kwa sauti, mbele ya mama, na baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinoa kisu. Nilidhani hasikilizi. Nilipomaliza aliendelea kunoa. Kesho yake niliporudi kutoka shule akaniita karakanani akasema, "Nisomee tena pale pa pampu." Nikamsomea. Akanipa kipande cha mkaa nichore sakafuni nilivyoelewa. Nikachora shafti, beringi na ule ukuta. Aliinama juu ya mchoro muda mrefu, kisha akauliza, "Vidole viwili vya nani? Vya kwake ni vyembamba. Ni mikono ya mama yake." Mama alikuwa mlangoni, akacheka, akasema afadhali vya kwake kuliko vya kwenu kama mihogo. Ni mara ya kwanza kumsikia mama akicheka tangu uondoke.

Hakusema jina lako, kaka. Alisema "vya kwake." Nimeiandika kama ilivyokuwa ili uipime mwenyewe.

Anataka kipimo. Pima ile nafasi kwa uzi, na unene wa shafti kwa uzi mwingine, unitumie.

Ameishusha ukutani nyundo ya babu. Nilipoiona nilikumbuka babu alipofariki, baba alivyoizamisha kwenye mtungi wa maji, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyegonga chuma mpaka arobaini ikasomwa. Nilikuwa mdogo sana. Nakumbuka ule ukimya wa karakana kuliko ninavyokumbuka kilio. Na nakumbuka nilitaka kugonga msumari wa kiti cha mwanasesere wangu, wewe ukanipokonya jiwe, ukaniambia chuma kikipigwa na mtu mwenye msiba humrudia. Niliogopa misumari mwaka mzima.

Baba kifua kinamsumbua kidogo. Ni baridi ya masika.

Mdogo wako,
Swaumu


Uvinza
10 Mei 1953

Swaumu mdogo wangu,

Marahaba. Ramadhani inakaribia, na kufunga mahali penye chumvi ni kazi juu ya kazi. Raymundi ameahidi kutokunywa maji mbele yangu, tuone kama atashika ahadi.

Nyuzi hizi hapa. Wenye fundo moja ni nafasi ya nyuma ya beringi. Wenye mafundo mawili ni mzunguko wa shafti. Nimepima mara tatu, maana najua nani atakayepokea.

Nilikuwa nimeandika hapa maneno ya kumwambia baba. Nimeyafuta. Mpe nyuzi tu.

Umesema kifua kinamsumbua "kidogo." Wewe si mtu wa kusema kidogo. Ukieleza habari ya bata unajaza nusu ukurasa. Kidogo cha namna gani?

Kaka yako,
Lukumani


Uvinza
21 Juni 1953

Swaumu,

Idd imepita na sijaona barua. Treni imekuja na kurudi, na kila ikija nakwenda stesheni kama mtu anayesubiri mgeni. Nyuzi zilifika? Kama baba amekataa kuzipokea, sema. Kama umechoka kuandika, tuma karatasi tupu yenye jina lako.

Hapa tunapiga vyuma kutwa. Pampu mbili zimekwama kwa pamoja. Usiku masikio yangu bado yanagonga.

Nisalimie baba, mama.

Lukumani


Kanyenye, Tabora
5 Julai 1953

Kwa kaka Lukumani,

Shikamoo. Utusamehe kwa kuchelewa. Mama anakusalimu. Siku hizi hatoki, lakini hana ugonjwa. Na mimi ni mzima. Bata wamekua wengi.

Nyuzi zilifika salama. Mahona, gadi wa treni, yule jamaa yake mama, atakukabidhi mfuko wa gunia. Ndani yake kuna pula. Kichwa chake ni kidogo, na parafujo ya katikati imepakwa mafuta. Vidole viwili vimekamilika, ni vifupi na vyembamba, vitaingia. Cha tatu kimetobolewa tundu lakini ncha yake ya kushikia haijakunjwa. Kilivyo ndivyo kilivyo.

Sasa kaka, mwalimu ameniazima kitabu cha mitambo na nimekisoma kwa makini. Kinasema chuma cha beringi ni kigumu mno, na kikipigwa kwa nyundo, ambayo nayo ni ngumu, hakibonyei bali hupasuka, na kipande chake huweza kumpofua mtu. Kinasema pia kwamba usiivute beringi kwa pete ya nje wakati pete ya ndani ndiyo iliyoshika shafti, kwa sababu nguvu yote itapita kwenye gololi na kuziharibu. Unaishika pete ile iliyoshika. Na inafaa kumwagia mafuta na kuyaacha yapenye, na kupasha moto kidogo, kisha kukaza kwa utaratibu.

Kwa sababu hizo nakuomba, kwa heshima zote, usipige chuma. Si beringi peke yake. Usipige chuma chochote, hata msumari, mpaka nikuandikie tena. Nakuomba sana. Tafadhali nijibu kwamba umekubali.

Sina zaidi.

Mdogo wako,
Swaumu


Uvinza
12 Julai 1953

Swaumu,

Mahona amenipa mfuko. Hakunitazama usoni. Nilimwuliza habari za Tabora akasema treni inaondoka, na treni ilikuwa haijapiga hata filimbi.

Kitabu gani hicho kinachokataza msumari?

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelainika. Mama anakusalimu, mimi mzima, bata wengi. Mama hatoki, naye si mgonjwa. Na kidole kimeachwa bila kukunjwa. Baba hajawahi kutoa karakanani kitu ambacho hakijakwisha. Angekuwa hai angeikunja ile ncha hata kwa meno. Nyumba yetu huweka nyundo chini kwa jambo moja tu, na wewe mwenyewe ulinikumbusha mwezi wa Aprili.

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza ilikuwa lini, na kama aliniita.

Nyundo nimeizamisha kwenye debe la maji mbele ya watu wote. Walicheka, wakasema Mnyamwezi anaipoza nyundo yake kama uji. Raymundi akawaambia wanyamaze. Alielewa bila kuambiwa.

Lakini kabla ya leo, mdogo wangu, nilikuwa napiga. Siku zote hizo mlipokuwa kimya huko, mimi nilikuwa napiga chuma huku asubuhi mpaka jioni.

Lukumani


Kanyenye, Tabora
19 Julai 1953

Kwa kaka yangu,

Shikamoo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baba yetu alifariki kumi la mwisho la Ramadhani, alasiri. Arobaini imesomwa juzi Ijumaa. Mama yuko eda, ndiyo maana hatoki.

Nitakueleza yote sasa, maana sina tena wa kunizuia.

Kifua hakikuwa kidogo. Alikuwa anakohoa damu tangu kabla ya masika kwisha, naye alinikataza kuandika. Nyuzi zako zilipofika alizichukua akazinyoosha kwenye mwanga, akahesabu mafundo, akasema, "Amepima vizuri." Ni hayo tu. Ule uzi wa fundo moja akajifunga kidoleni ili usipotee. Akaanza kufua. Mama alimsihi asubiri Idd, maana alikuwa amefunga na moto unakausha koo. Akasema pampu haisubiri Idd. Mimi nilikuwa navuta mivukuto nikitoka shule. Kidole cha kwanza alikifua siku mbili. Cha pili kilimchukua karibu wiki, kwa sababu alikuwa anapiga mara chache, anakaa. Cha tatu alikitoboa tundu, akakiingiza motoni, akaniambia nivute zaidi. Nikavuta. Chuma kikawa chekundu, kikawa tayari, nikamwambia, "Baba, tayari." Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, ule ulioanguka. Nilisema mara ya pili. Chuma kikapoa hapo hapo motoni.

Tulimwingiza ndani. Alikaa siku chache. Aliongea na mama, na neno alilolikazia ni kwamba wewe usiambiwe mpaka umalize mkataba. Alisema, "Aliacha kazi moja kwa sababu yangu. Asiache ya pili." Mama akaapa. Kisha, baada ya mazishi, mama akawa hapati usingizi kwa kufikiri kwamba unapiga chuma nawe una msiba na hujui. Akaniambia nitafute njia ya kukuzuia bila kukwambia. Mimi nikatafuta kitabu. Nilijiona nimekuwa na akili sana. Kila neno nililokuandikia la kitabu ni kweli, kaka, ila hilo la msumari.

Mama anasema uliyoyapiga bila kujua hayahesabiki. Amemwuliza shehe, naye amesema hivyo hivyo.

Umeniuliza kama alikuita. Hakukuita. Ningeweza kukuandikia uongo mzuri, na wewe ungeuona kama ulivyoona ule mwingine. Hakusema jina lako. Ila waoshaji walipokuja walimkuta na uzi wako kidoleni, umebana kwa sababu mkono ulikuwa umevimba. Wakaukata. Ninao kwenye kitabu changu.

Baada ya arobaini wazee waliuliza nani wa nyumba hii atakayeitoa nyundo majini na kupiga pigo la kwanza, kwa maana watu wana kazi zao na karakana imefungwa. Mtoto wa baba mkubwa alikuwa tayari amekunja mikono ya kanzu. Mama akajibu kutoka ndani, "Mwenye kuipiga yuko Uvinza mpaka Desemba." Wakasema ni muda mrefu, mtaharibikiwa. Akasema basi tuharibikiwe.

Wazee wakaaga. Mtungi uko pale pale penye kiti chake. Kila asubuhi naongeza maji, maana kiangazi kinayanywa.

Mdogo wako,
Swaumu


Uvinza
9 Agosti 1953

Swaumu mdogo wangu,

Marahaba. Mungu amrehemu baba yetu. Mpe mama pole yangu, na umwambie nimepokea alilolisema kwa wazee. Mkataba nitaumaliza kama baba alivyotaka. Desemba nitashuka stesheni ya Tabora na nitakuja moja kwa moja, sitapita kwa mtu.

Nataka nikueleze habari ya pampu.

Raymundi alikiona kidole cha tatu akasema, "Nipe nikukunjie ncha. Mimi si wa nyumba yenu, chuma hakinidai." Ni kweli, na angekikunja vizuri. Nikamkatalia. Kile ni cha kwangu kupiga, na si hapa. Nimekifunga ndani ya shati, kiko sandukuni.

Basi niliifunga pula kwa vidole viwili, na upande wa tatu nikazungusha mnyororo mwembamba ili isiinamie. Viliingia, Swaumu. Viliingia nyuma ya beringi kama vimezaliwa pale, vikaishika pete ya ndani. Nilimwagia mafuta nikayaacha. Nilizungushia matambara yaliyochovywa kwenye maji ya moto. Nikakaza parafujo kidogo, nikasubiri. Nikakaza tena, nikasubiri. Watu walikuja kuangalia wakachoka wakaenda zao. Kuna wakati mkono uliitaka nyundo wenyewe, nikauweka mfukoni.

Halafu ikalia, mlio mdogo, ule ambao baba alikuwa akiusikia anasema, "Imekubali." Nikakaza. Ikaja taratibu juu ya shafti mpaka ikaniangukia kiganjani, nzima, haina hata mkwaruzo, na gololi zake zikizunguka.

Niligeuka nyuma nimwonyeshe.

Alikuwapo Raymundi peke yake, naye akatazama pembeni.

Msomee mama barua hii kwa sauti. Ikikuishia njiani, subiri kidogo, kisha uendelee.

Kaka yako,
Lukumani bin Nassibu